Saa Nne Asubuhi Kwenye Vijumba vya Wasafiri

Sogeza kiti, msomaji, tukae kama watu wanaofahamiana. Nitasimulia polepole, na nikiona nimeruka jambo, nitarudi nyuma nikueleze.

Wiki iliyopita niliingia duka la vifaa vya nyumba huko Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, kununua bawaba mbili za kabati. Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja aliyetaka nta nyekundu ya sakafu, ile ambayo watu wa hapa hupaka barazani mpaka saruji inang'aa. Muuzaji akamfungulia kopo aione rangi. Harufu ilinifikia kabla sijaliona kopo lenyewe: nta, mafuta ya taa, na kitu kingine kama majani makavu. Mkono wangu wa kulia ukajiinua wenyewe, kiganja wazi, kama unataka kuziba mdomo wa mtu. Nikausubiri ushuke. Kisha nikachukua bawaba zangu, nikaenda kukaa ndani ya gari kwa muda bila kuwasha injini.

Mdomo ambao mkono ule ulikuwa unautafuta ni wa mdogo wangu Daudi. Leo ni fundi umeme mwenye ndevu. Wakati ninaousimulia alikuwa na miaka miwili, mimi nilikuwa na minane, na tulikuwa tukiishi na mama yetu kwenye kijumba namba tano cha moteli ya zamani kando ya barabara ya kusini, si mbali na uwanja wa mbio za farasi wa Turffontein. Baba yetu tulimpoteza safarini, kabla hatujaifikia nchi hii. Hilo sitalieleza leo.

Mahali penyewe palikuwa hivi. Vijumba kumi na viwili vilipangwa kama mwezi mchanga, migongo yao kwenye ukuta, nyuso zao zikitazama bwawa la kuogelea. Bwawa halikuwa na maji. Lilikuwa limejazwa udongo, na ndani yake wapangaji walilima lengalenga, hivyo mboga yetu ilimea katikati ya vigae vya buluu. Kila kijumba kilikuwa na chumba kimoja, bafu dogo, baraza jekundu la mbele, na ubavuni kibanda cha kuegeshea gari. Hakuna aliyekuwa na gari. Vibanda vile vilikuwa majiko, sehemu za kuanikia nguo, na kimoja kilikuwa karakana ya cherehani.

Kwa nini palijengwa hivyo? Zamani, kabla barabara kubwa hazijajengwa, magari yaliyokuwa yakitoka Johannesburg kwenda pwani yalipita mbele ya lango lile. Familia ilifika jioni, mizigo juu ya paa la gari. Baba wa familia aliingia ofisini karibu na lango, akapewa ufunguo wenye kipande kikubwa cha ubao ili asiusahau mfukoni, kisha akaendesha gari mpaka ubavuni mwa kijumba chake. Watoto wake waliruka bwawani. Asubuhi walikula, wakafunga mizigo, wakaondoka. Siku za mbio za farasi, vijumba vyote vilijaa. Nadhani unajua bila mimi kukuambia ni watu wa rangi gani walioruhusiwa kulala pale, na ni wa rangi gani waliotandika vitanda. Kisha barabara kubwa ikapita upande mwingine, magari yakahamia huko, na mwenye moteli akaanza kupangisha vijumba kwa mwezi. Walikuja kwanza wafanyakazi wa viwandani. Baadaye tukaja sisi tuliotoka mbali: Wakongo, Warundi, Watanzania. Sisi wenyewe tulipaita Moteli tu, kana kwamba ni jina la mtaa.

Haya yote sikuyajua nilipokuwa na miaka minane. Mimi nilijua dirisha.

Dirisha letu lilikuwa na nondo. Kupitia hapo niliona bwawa la lengalenga, lango, na nje ya lango roboti ya kona, yaani taa za barabarani. Kila asubuhi watoto wa shule walisimama kwenye roboti ile wakingoja kuvuka. Sweta zao zilikuwa za kijani. Nilimjua mmoja wao, Denise wa kijumba namba tisa, na nilijua kwamba alikuwa akivuta soksi zake juu mara mbili kabla ya kuvuka. Saa nane mchana walirudi, soksi zikiwa zimeshuka.

Sisi tulikuwa tumefungiwa. Mama alisuka nywele kwenye saluni moja huko Berea, na aliondoka saa moja asubuhi. Alifunga mlango kwa nje, akajaribu kitasa mara mbili, kisha akaja dirishani.

"Sifa," aliniambia kila siku, "mutu akigonga, usijibu. Hata akisema jina yangu. Unasikia?"

"Ndiyo, Mama."

"Uji ya Daudi iko kwa termosi. Usiguse moto. Na sanduku usiguse."

Usimhukumu haraka. Mama hakuwa na ndugu mjini, mtoto wa miaka miwili hakuruhusiwa saluni, na mwaka ule watu wetu waliishi kwa hofu ya majirani wasiotutaka. Aliona kufuli ni salama kuliko mtaa. Mimi nami sasa ni mama, na ninamwelewa, ingawa nisingefanya hivyo.

Tulikuwa na masanduku mawili, la buluu na la kahawia, na hapa ndipo penye desturi ambayo huenda na wewe umeikulia. Tulikuwa tumeandikishwa kwenye orodha ya wakimbizi wanaongoja kuhamishiwa nchi ya tatu. Mama mdogo, dada yake Mama, alikuwa ameitwa kwa simu siku ya Jumanne, na wiki chache baadaye alikuwa Kanada. Ndiye aliyemwambia Mama kwamba ndege inaruhusu kilo ishirini na tatu kwa kila sanduku. Kuanzia siku hiyo Mama hakuweka nguo kabatini. Kabati la kijumba namba tano lilikuwa na vining'inizo sita vya chuma, vitupu. Kila nguo ilitoka sandukuni, ikavaliwa, ikafuliwa, ikapigwa pasi, ikarudi sandukuni.

Na kila Jumapili, tukitoka kanisani, Mama alipima. Alikuwa na mizani ndogo ya ndoano. Aliitundika kwenye boriti ya kibanda cha gari, akanyanyua sanduku, akalining'iniza, na wapangaji wengine wakaja kutazama kama watu wanaotazama mpira.

"Ishirini na tatu na nusu," alisema Jumapili moja. "Kuna kitu inapita."

"Dada, hilo sanduku utalipima mpaka lizae," alisema Fundi Shomari. Huyu alikuwa jirani yetu wa namba nne, mshonaji kutoka Tanga, mwenye kibanda cha cherehani. Alizungumza bila kuinua macho kwenye kitambaa.

"Cheka tu. Siku batatuita, utabakia hapa na mashine yako."

"Nitabaki, ndiyo. Na huko Kanada ni barafu tupu. Hivyo vitenge vitatu utavivaa wapi?"

"Kimoja nitakutumia. Bakufunike nacho wakikuzika."

Watu wakacheka, na Fundi Shomari akacheka kuliko wote. Mama alikuwa na ulimi. Lakini hakuwa anatania kuhusu nusu kilo. Alinigeukia akasema, "Sifa, kitu gani itatoka?"

Kosa lilikuwa langu. Mwalimu wa Jumapili alikuwa amenipa penseli za rangi na daftari nene. Nilitazama masanduku. Nikatoa kandambili zangu za waridi, ambazo bado zilinitosha, nikampa Denise. Kila kitu kipya kilisukuma kitu kingine nje. Ndiyo maana, nilipomuuliza Mama kuhusu sweta la kijani, jibu nililijua kabla hajafungua mdomo.

"Sweta ya shule ya hapa utavaa wapi huko? Utaanza shule tukifika."

"Denise anaenda shule."

"Denise haendi mahali. Sisi tuko tunaenda."

Nilikuwa nimeishi kwenye sentensi hiyo tangu nilipokuwa na miaka sita. Watoto wa umri wangu walikuwa wanasoma vitabu, mimi nilikuwa naenda Kanada, na safari yangu yote ilikuwa kutoka kitandani mpaka dirishani.

Jumapili ileile, mlango ukiwa wazi, nilimwonyesha Fundi Shomari kibao cha bati kilichopigiliwa misumari nyuma ya mlango wetu. Kilikuwa na maneno ya Kiingereza ambayo sikuweza kuyasoma, na namba 10. Nilikuwa nimekitazama miezi mingi.

"Kinasema nini, Fundi?"

Akavaa miwani, akasogea. "Kinasema waliolala humu wote watoke kabla ya saa nne asubuhi. Ufunguo urudishwe ofisini."

"Wasipotoka?"

Alinitazama juu ya miwani, uso mkavu kabisa. "Wasipotoka, Gogo mlinzi anawafuata na mafunguo yake."

Akarudi kwenye cherehani. Kwake utani uliishia hapo. Kwangu ulikuwa ndio kwanza unaanza, kwa sababu ulieleza kila kitu. Kumbe ndiyo maana watu wazima wote wa Moteli waliondoka asubuhi. Ndiyo maana Mama aliogopa kuchelewa hata dakika moja. Na ndiyo maana, kila siku saa nne, Gogo Thandi aligonga mlango wetu.

Gogo Thandi (gogo ni bibi kwa Kizulu) alikuwa mlinzi wa mahali pale, mama mzee mnene mwenye kilemba, aliyekaa kwenye chumba cha nyuma karibu na tangi la maji. Alishika pete ya funguo zote kumi na mbili. Saa nne alianza kijumba namba moja, akagonga mara tatu kwa ufunguo, akangoja kidogo, akasogea namba mbili. Redio ya Fundi Shomari ilitoa mlio wa saa, na baada ya milio ile nilihesabu milango: moja, mbili, tatu, nne. Kisha letu. Nilikuwa nimeshamwingiza Daudi chini ya kitanda, kiganja changu mdomoni mwake. Alikuwa na meno madogo tu lakini aliyatumia. Tulikiona kivuli cha Gogo chini ya mlango. Kilisimama. Kikaondoka. Siku za Ijumaa alipaka nta barazani, kivuli kilikaa muda mrefu zaidi, na harufu ya nta nyekundu ikaingia chini ya mlango mpaka tulipolala.

Sikumwambia Mama. Ungemwambia? Nilifikiri anajua, na kwamba hakuwa na la kufanya.

Tuliishi hivyo wiki nyingi. Kisha siku moja, Alhamisi, kivuli hakikuondoka. Kilihama kutoka mlangoni mpaka dirishani. Pazia letu lilikuwa na mwanya upande wa chini, na pale penye mwanya nikaona jicho, kisha kipande cha shavu, kisha meno. Gogo alikuwa anacheka.

"Naiona miguu," alisema.

Akaenda zake. Nilibaki chini ya kitanda hadi Daudi alipojikojolea. Alikuwa ametuona. Kesho angefungua.

Ijumaa asubuhi, Mama alipomaliza kujaribu kitasa na hatua zake zilipopotea langoni, nilianza kazi. Chini ya kitanda hapakufaa tena. Kabati lilikuwa jembamba na milango yake haikufunga. Kilichobaki ni sanduku la buluu. Nilifungua zipu pande zote, nikatoa kila kitu na kukipanga kitandani kwa mpangilio uleule ili niweze kukirudisha: vitenge, koti la Mama la Kanada ambalo lilikuwa halijavaliwa, sufuria ndogo, albamu ya picha, bahasha ya karatasi zetu. Nikatandika blanketi ndani. Nikamnywesha Daudi uji mpaka macho yakawa mazito, nikamlaza humo amejikunja. Nikafunga zipu, nikaacha wazi upana wa kiganja upande wa uso wake.

Mimi ningejificha bafuni, nyuma ya mlango. Akinikamata mimi, niliwaza, angalau Daudi atabaki, na Mama atamkuta.

Redio ikalia saa nne. Mlango wa kwanza. Wa pili. Harufu ya nta ilikuwa imeshaanza kuingia. Nilitazama sanduku nikaona mwanya ule ni mkubwa mno, uso wa Daudi unaonekana wote. Nikarudi mbio kuvuta zipu isogee kidogo tu. Ikasogea, ikapita pale nilipotaka, ikang'ata kitambaa cha ndani, ikakwama.

Mlango wa tatu. Nilivuta nyuma. Haikurudi. Mwanya uliobaki ulikuwa wa vidole viwili. Daudi akaamka.

Kwanza aliita jina langu, kwa sauti ya kawaida. Kisha akaanza kulia na kupiga mateke, sanduku likaanguka ubavu, na upande wenye mwanya ukalala chini sakafuni. Kilio chake kikawa kidogo, kama kinatoka chumba cha jirani. Nililigeuza sanduku kwa mikono yote miwili. Nilivuta zipu kwa meno. Upande wa namba nne cherehani ilikuwa kimya, kwani Fundi Shomari alikuwa ameacha redio ikiimba na kwenda mjini kununua nyuzi. Watu wengine wote walikuwa kazini. Katika Moteli nzima alikuwepo mtu mmoja mzima, na mtu huyo alikuwa anagonga mlango wa nne.

Kisha akagonga wetu. Mara tatu.

Nataka uelewe nilikuwa wapi. Mama alikuwa ameniambia nisijibu hata mtu akitaja jina lake. Kibao kilisema yale niliyokwisha kukueleza. Na nyuma ya mlango alisimama yule niliyekuwa nikijificha asinione tangu siku za joto. Daudi alikuwa ameacha kupiga mateke.

"Gogo," nilisema. Sauti haikutoka vizuri, nikasema tena. "Gogo, fungua."

Ufunguo uliingia mara moja, bila kutafutwa kwenye pete. Gogo Thandi alinitazama, akatazama sanduku. Alipiga magoti, akaingiza vidole vyake vikubwa kwenye mwanya, akavuta kama mtu anayefungua mdomo wa mbwa. Zipu ikapasuka. Daudi alikuwa mwekundu, nywele zimelowa jasho, macho wazi. Gogo akamnyanyua, akampiga mgongoni, akampuliza usoni. Daudi akavuta pumzi ndefu, kisha akalia kilio kikubwa kabisa. Sijawahi kusikia sauti nzuri kuliko hiyo.

Gogo akakaa kitandani, juu ya vitenge, mtoto kifuani. Papo hapo akainuka, kama ameungua. Akasimama akikitazama kitanda. Kisha akakaa tena, polepole.

Tulielewana kwa vipande, kwa sababu Mama alinifundisha Kiswahili, Gogo aliongea Kizulu na Kiingereza cha kazini, na mimi nilikuwa nimeokota maneno dirishani. Ninakupa maana yake.

"Kwa nini umemweka humo, mntanami?" aliniuliza. Mntanami ni mwanangu.

Nilimwonyesha kibao. Nilimwonyesha saa kwa vidole kumi, namba ile ya kibaoni. Nilimwonyesha yeye, na funguo.

Ilimchukua muda. Alipoelewa hakucheka. Aliufunika mdomo kwa mkono. "Mama yako ndiye aliyeniomba nigonge," alisema. "Kila siku, nisikie kama mko wazima. Nilikuwa nasikia unavyomnyamazisha mtoto, nikadhani unacheza nami kujificha. Jana nikacheza na mimi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mama alikuwa amemwomba Gogo, akasahau kuniambia mimi, au aliona si jambo la kumwambia mtoto. Mwanamke aliyekuwa akinitisha kila siku alikuwa ndiye ulinzi wangu wa pekee, na kila siku nilijitahidi asinione.

Kuhusu kibao, alinieleza siku ile na siku nyingine nyingi baadaye. Alianza kazi pale akiwa msichana. Saa nne ilikuwa saa yake ya kugonga milango, kuhakikisha wasafiri wametoka ili atandike. Alitandika vitanda vya vijumba vyote kumi na viwili kila siku ya ujana wake na hakuwahi kukalia hata kimoja, kwani ingekuwa mwisho wa kazi yake. "Hicho kibao hakikuandikwa kwa ajili yako," alisema. "Wala yangu. Wenyewe walishaondoka."

Mama alirudi jioni jua likiwa bado lipo. Alitukuta barazani, mimi na Gogo na Daudi, mlango wazi nyuma yetu. Aliona kitanda. Aliona zipu. Gogo alimweleza yote, bila kuongeza wala kupunguza, na Mama akakaa chini kwenye nta mbichi na sketi yake ya kazi. Alimchukua Daudi akamnusa kichwani kwa muda mrefu.

"Nilikukataza kugusa sanduku," aliniambia hatimaye, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Usimgombeze," alisema Gogo. "Mtoto huyu anaenda shule lini?"

"Tuko tunangojea simu, Gogo. Inaweza kulia hata kesho."

Gogo alipangusa vidole vyake vyekundu kwenye aproni. "Kulikuwa na bwana mmoja hapa namba tano. Gari lake liliharibika. Alikuja kulala siku moja, anangoja kipuri. Kila asubuhi nikimtandikia kitanda ananiambia, naondoka kesho. Nguo zake hakuzitundika hata siku moja. Alikaa mpaka majira ya baridi mawili yakapita."

"Kisha?"

"Kisha nini? Hakuwa na mtoto, yule. Alipoteza siku zake mwenyewe."

Fundi Shomari alikuwa amefika, mfuko wa nyuzi mkononi, na alisimama pale akisikiliza. Nilimwona akikumbuka kibao. Uso ulimbadilika. Akavua kofia, akachuchumaa mbele yangu.

"Mwanangu, nilikutania vibaya. Nisamehe." Kisha akamwambia Mama, "Dada, sketi yake ya shule nitashona mimi. Niruhusu tu nimpime."

"Na tukiitwa wiki ijayo?"

"Mkiitwa, atapanda ndege akijua kusoma. Kusoma hakuna kilo."

Mama alicheka kidogo, kisha akalia, na sisi tulingoja amalize. Baadaye aliinuka, akaingia ndani, akasimama mbele ya kitanda chenye vitu vya sanduku la buluu. Nilifikiri atatafuta mizani. Alichukua bahasha ya karatasi, akatoa cheti changu cha kuzaliwa kilichokunjwa mara nne na kadi yangu ya chanjo, akaviweka juu ya meza, karibu na mkoba wake wa kazi. Vitu vingine akaviacha pale pale. Usiku ule tulilala watatu sakafuni, kwa sababu kitanda kilikuwa na nguo.

Jumatatu alichelewa saluni kwa makusudi. Shuleni walitazama karatasi zetu, wakauliza maswali, wakatutuma turudi na nakala nyingine, tukarudi. Niliingizwa darasa la kwanza pamoja na watoto wa miaka sita. Magoti yangu hayakuenea chini ya dawati, na msichana mmoja aliuliza kama mimi ni mwalimu. Daudi alilelewa mchana na Gogo Thandi mpaka naye akafika umri. Leo anapanda ngazi kwenye majengo ya Sandton hata ghorofa ya tisa, kwa sababu hapendi lifti, na anasema hajui kwa nini.

Simu haijalia mpaka leo. Siandiki hivyo kwa uchungu. Kwa wengine inalia, na ninafurahi nao. Lakini miaka miwili niliyoitumia dirishani haikuandikwa kwenye orodha yoyote, na hakuna nchi ambayo ingenirudishia. Mama ananiomba msamaha kwa ajili ya miaka hiyo kila nikipata jambo jema, na kila mara namwambia tulikuwa hatujui.

Wewe sasa unajua. Kama una mtoto nyumbani anayengoja pamoja nawe, usimngojeshe. Kesho asubuhi, kabla ya kazi, chukua kadi yake ya chanjo, cheti cha kuzaliwa kama unacho, na karatasi yoyote yenye jina lako. Mshike mkono, nenda naye shule iliyo karibu, omba nafasi. Wakisema kuna karatasi inayokosekana, waulize ni ipi, iandike, na urudi nayo.